Risasi za Remington Core-Lokt za .308: greni 150 au 180 kwa kulungu?

Nimewinda kulungu wa mkia mweupe kwa misimu mitatu katika misitu ya Pennsylvania, Marekani, nikitumia bunduki ya .308 Winchester (yaani inayotumia risasi yenye kichwa cha kipenyo cha inchi 0.308), na risasi nilizozitumia zaidi ni Remington Core-Lokt, zinazouzwa ishirini ishirini katika pakiti ya kijani na njano. Zipo za greni 150 na za greni 180, yaani kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 9.7 au 11.7. Kulungu ninayemzungumzia si yule wa vichaka vya Afrika Mashariki. Dume la huku likikomaa mara nyingi huzidi kilo 70.

Kwa takwimu za kiwanda, ile ya 150 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 860 hivi kwa sekunde na ile ya 180 kwa mita 800, lakini nguvu zake zinakaribiana sana. Kwa hiyo anayechagua nzito akitafuta nguvu zaidi hupata nyongeza ndogo tu, kwa sababu faida yake hasa ni kupenya kwa kina. Kichwa hicho ni madini ya risasi yaliyovikwa koti la shaba na kuachwa wazi nchani, ili kikigonga mwili kichanue na kupanua jeraha. Kifua cha kulungu ni chembamba, na mapafu hayahitaji kichwa kizito ili yafikiwe. Ile ya 150 huchanua mapema, na mnyama niliyempiga nyuma kidogo ya bega hakuwahi kwenda mbali. Jambo hilo nalithamini kuliko mengine yote, kwa kuwa mnyama hapaswi kuteseka kwa sababu ya uchaguzi wangu.

Ile ya 180 husukuma bega la mpigaji kwa nguvu zaidi, na mwindaji anayeogopa teke la bunduki huvuta kilimi vibaya. Ningeiweka kwa wanyama wakubwa kama elki. Kasoro ya ile ya 150 huonekana ikipigwa kutoka karibu sana na kugonga mfupa wa bega la mnyama, ambapo nyama nyingi huvilia damu.

Ukibadili uzito, pima upya darubini yako kwenye uwanja wa shabaha, maana bunduki ileile haitapiga mahali palepale.