Vihisi joto bandani: miezi minne na vifaranga wangu

Nafugia Kibaha, vifaranga 300 kwa awamu. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Zamani niliamka saa nane usiku kwenda kuchungulia: wakirundikana kwenye chungu cha mkaa, ni baridi; wakijibanza ukutani wanahema, joto limezidi.

Nikanunua vihisi vitatu, vidogo kama kizibo cha soda, vya betri bapa ya CR2032. Programu yake ilianza kwa kuomba ruhusa ya kujua nilipo, nikasema hawa wananipeleleza. Kumbe simu yangu ni Android ya kabla ya toleo la 12, na humo bila ruhusa hiyo programu haiwezi kusaka vifaa vya Bluetooth.

Kati ya kihisi na simu, bando halitumiki kabisa. Kihisi kinapiga yowe kila baada ya sekunde chache, kinataja joto na unyevu, kinasinzia tena. Simu iliyo karibu itasikia. Isipokuwapo, yowe limepotea hivyohivyo. Muuzaji aliniambia mita 30. Uwanjani ni kweli, lakini banda langu nimelizungushia mabati, na mabati hayapitishi mawimbi. Nikifunga mlango, chumbani kwangu hatua kumi na mbili tu sipati kitu. Nikavitundika juu kwenye wavu wa dirisha, vikasikika vizuri, ila joto la juu si lile la mgongoni kwa kifaranga aliye kwenye maranda.

Kilichoniuma ni usiku mmoja wa Julai. Mkaa ulizimika, kengele ya programu haikulia. Simu ilikuwa imeilaza programu ili kubana chaji, na karatasi ya maelekezo haikugusia jambo hilo hata kwa neno moja. Asubuhi niliokota vifaranga 11.

Sasa vihisi vimerudi chini, na simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inakaa humohumo bandani kwenye chaja, programu nimeitoa kwenye ubanaji wa betri. Hiyo ndiyo inayosikiliza, halafu inatuma namba mtandaoni; hata nikiwa Kariakoo naziona. Mke wangu anasema nimemwajiri mlinzi asiyekula.

Nyota tatu. Ya nne nitawapa watengenezaji siku watakapoandika habari ya mabati kwenye boksi.