Uzoefu wangu: gia 11 za Shimano Deore M5100 kwenye fremu ya mtumba, Moshi

Kwa mtu anayeendesha baiskeli kwenye vilima vya Kilimanjaro na ambaye tayari ana fremu nzuri ya chuma ya zamani, seti ya gia za Shimano Deore M5100 ni ununuzi ninaoupendekeza bila kusita, mradi awe tayari kushika spana mwenyewe au kukaa karibu na fundi wakati kazi inafanyika. Nasema hivyo baada ya kuitumia katika kiangazi na masika, kwenye lami na kwenye njia za migombani, na baada ya kuifungua na kuifunga tena mara nyingi kiasi kwamba sasa naifahamu kuliko kitu kingine chochote ninachomiliki.

Baiskeli yenyewe ilinunuliwa kwa muuza mitumba. Ni ya milimani, ya tairi za inchi 26, fremu yake ni ya chuma cha kromoli, na ilikuja na sproketi tatu mbele na saba nyuma. Rangi ilikuwa imechubuka na tandiko limechanika, lakini mirija ilikuwa imenyooka na viungo vyake havikuwa na ufa. Kwa mjenzi wa baiskeli hilo ndilo la kutazama kwanza, kwa kuwa vingine vyote vinabadilishwa. Jambo la pili ni vipimo. Nafasi ya gurudumu la nyuma ilikuwa milimita 135, na tundu la kranki lilikuwa la hesi za Kiingereza zilizozoeleka, na vipimo hivyo viwili vilinihakikishia kwamba vifaa vipya vingeingia bila kulazimisha kitu.

Mwaka 2020 Shimano walitoa Deore katika matoleo matatu kwa pamoja: M4100 ya gia 10, M5100 ya gia 11 na M6100 ya gia 12. Wengi hukimbilia 12 kwa sababu namba ni kubwa, na muuzaji mmoja alinisisitizia kwamba kaseti zote za Deore, yaani mafungu ya sproketi za nyuma, ni sawa na zinaingia popote. Si kweli, na tofauti hiyo ni ya pesa nyingi. Kaseti ya gia 12, ambayo huanza na sproketi ya meno 10, inahitaji frihabu (sehemu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, inayobeba kaseti) ya aina ya Micro Spline, wakati ile ya gia 11, yenye sproketi za meno 11 hadi 51, inaingia kwenye frihabu ya kawaida ya Hyperglide, ileile iliyobeba kaseti za milimani za gia 8, 9 na 10 kwa miaka mingi. Habu za aina hiyo zimejaa kwenye mitumba. Kwetu sisi ambao kipuri huenda kikasafiri wiki kadhaa kabla ya kufika Moshi, naona ni busara kuchagua kifaa kinachokubali habu ambayo fundi yeyote mwenye baiskeli kuukuu uani anaweza kuwa nayo.

Hata hivyo gurudumu langu la awali halikuwa na frihabu. Lilikuwa na friwili, yaani lile rundo la sproketi linalofungwa kwa hesi moja kwa moja kwenye habu, na hilo halikubali kaseti kabisa. Kwa hiyo kabla ya kufikiria gia nililazimika kujenga gurudumu jipya la nyuma, na hapa ndipo ninapoweza kusema kwamba kazi ilianza kuwa yangu. Nilipata habu ya mtumba ya matundu 32, ya gololi na koni, nikaifungua, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikaweka gololi mpya na grisi. Rimu ilikuwa mpya. Spoku zilihitaji hesabu, kwa sababu gurudumu la nyuma limesogezwa upande mmoja kupisha kaseti, na hivyo spoku za upande wa cheni huwa fupi kwa milimita moja au mbili kuliko za upande wa pili. Spoku zinazouzwa hapa mjini kwa wingi ni za baiskeli za mzigo, na fundi akikuuliza idadi tu bila kukuuliza urefu, muage kwa heshima utafute mwingine.

Nilisuka kwa mtindo wa kila spoku kupishana na wenzake mara tatu, kisha nikageuza baiskeli juu chini, nikafunga vijiplastiki vya kubania nyaya kwenye mirija ya nyuma, ncha zake zikielekea rimu, zikawa ndizo kipimo changu cha kuona rimu inapocheza kushoto au kulia. Hakuna sababu ya kungoja mashine ya kunyooshea magurudumu. Kinachotakiwa ni ufunguo wa spoku unaokaa sawasawa kwenye nipo, yaani kile kinati kidogo kwenye ncha ya spoku, robo mzunguko kwa wakati mmoja, na uvumilivu. Spoku za upande wa cheni hukazwa zaidi, za upande wa pili hubaki na mkazo mdogo, na ukizipiga kwa ukucha utasikia kila upande una sauti yake. Ndani ya upande mmoja, spoku inayotoa sauti nzito kuliko jirani zake ndiyo iliyolegea. Nilimaliza usiku, na asubuhi yake nilizibana spoku mbilimbili kwa nguvu za mikono ili zikae mahali pake, nikanyoosha tena. Gurudumu hilo limepita kwenye mawe ya Uru na kwenye matuta ya barabara likiwa na mimi na mkoba wa mgongoni, na bado limenyooka.

Kazi iliyofuata nisingeiweza peke yangu. Direla ya nyuma, ule mkono unaohamisha cheni, hufungwa kwenye sikio dogo la fremu, na sikio hilo likipinda hata kidogo gia 11 zitagombana, kwa kuwa sproketi zimekaribiana mno. Nilimpelekea fundi mmoja mzee, nikamwamkia, “Shikamoo meku,” akaitika na kunisogezea kigoda kabla hata hajaitazama baiskeli. Hakuwa na kipimo cha dukani. Alichukua gurudumu jingine la nyuma lenye ekseli ya kufungua kwa mkono, akaiskurubu ekseli hiyo kwenye tundu la sikio, kwa sababu hesi zake ni zilezile, milimita 10 kwa hatua ya milimita 1. Magurudumu mawili yakasimama sambamba, au tuseme karibu sambamba, maana chini yalikaribiana na juu yakaachana. “Unaona, mwanangu, sikio limeangalia ndani,” aliniambia, kisha akalikunja polepole kwa gurudumu lenyewe mpaka nafasi ikawa moja pande zote. Kwenye fremu ya chuma unaweza kufanya hivyo. Fremu za alumini zina sikio la kubadilisha, na likivunjika unatafuta la kwake hasa, ambalo si rahisi kulipata hapa.

Kranki sitaielezea sana. Ile ya awali ilikuwa na sproketi zilizopigwa ribiti, haibadilishiki, hivyo niliweka kranki iliyotumika ya Hollowtech II yenye sproketi moja ya meno 32, ambayo meno yake ni manene na membamba kwa kupokezana ili yashike cheni. Onyo moja tu: kikombe cha upande wa kulia, kinachoskurubiwa kwenye tundu la kranki, kina hesi za kushoto, kwa hiyo hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, na fremu nyingi zimeharibiwa na watu waliokaza kwa mazoea.

Sasa matokeo barabarani. Zamani, kwa sproketi ya meno 24 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa kranki ulinisogeza takriban mita 1.77. Sasa, kwa 32 mbele na 51 nyuma, mzunguko huohuo unanisogeza mita 1.30. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, na anayetoka Himo kwenda huko anaijua lami ile inavyopanda bila kukupa pa kupumzikia. Kule nilikokuwa nikishuka na kusukuma, sasa nakaa kwenye tandiko na kuzungusha miguu kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Barabara ya Kibosho hali kadhalika. Kwa upande wa kasi nimepoteza kidogo sana: gia nzito ya zamani ilikuwa mita 6.21 kwa mzunguko, ya sasa ni takriban mita 6.

Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni klachi ya direla. Ukiinua kiswichi chake, mkono wa direla unakaza na cheni haichezi, hivyo kwenye mteremko wenye mawe husikii tena kelele za cheni kupiga fremu. Tangu nianze kuitumia pamoja na ile sproketi moja ya mbele, cheni haijatoka. Wakati wa kufungua gurudumu unaizima kwanza, vinginevyo utapigana nayo bure. Na kwa kuwa kibadilisha gia cha kushoto kimeondoka, waya mmoja na direla ya mbele vimeondoka navyo, na katika masika, ambapo udongo mwekundu unaganda kila mahali, kila kifaa kilichopungua ni mahali pamoja pasipohitaji kuchokonolewa kwa kijiti.

Wenzangu tunaoendesha pamoja Jumamosi asubuhi hatuna desturi ya kuulizana baiskeli ilinunuliwa shilingi ngapi. Tukisimama kwa chai, mtu huchuchumaa nyuma ya baiskeli ya mwenzake, anazungusha kranki, anasikiliza, anabana spoku mbili, kisha ndipo anauliza nani aliifunga. Yupo anayeendesha Phoenix iliyotiwa habu ya gia, na anaheshimika kuliko mwenye baiskeli mpya ya kaboni ambaye hawezi kunyoosha rimu yake. Nakiri nafurahi swali hilo linaponijia, na sioni haya juu ya majivuno hayo. Ninachokipinga ni majivuno ya kuning’iniza vifaa vya bei kubwa juu ya magurudumu yaliyochoka. Nimeona direla za gharama zikifungwa kwenye habu ambayo koni zake zimelika, na mwenyewe anashangaa kwa nini gia zinaruka.

Yapo nisiyoyapenda. Kaseti ya 11–51 ni nzito, zaidi ya gramu 600, na uzito huo wote uko nyuma, jambo unaloligundua mara tu unapoibeba baiskeli kuvuka mfereji. Hatua kati ya sproketi pia ni pana: kutoka 15 kwenda 18 mguu unasikia, hasa kwenye tambarare ya mashamba ya miwa ya TPC, ambako upepo wa mbele unakutaka uchague gia iliyo katikati na gia hiyo haipo. Anayeishi kwenye tambarare na hapandi mlima hana haja ya kaseti hii. Nami bado natumia breki za kubana rimu, kwa kuwa fremu haina mahali pa kufunga breki za diski, na kushuka kutoka Marangu kwenye mvua kunakula mpira wa breki haraka kuliko ninavyopenda.

Cheni ya gia 11 ni nyembamba na haivumilii uzembe. Naifuta kila ninaporudi na kuipima kwa rula: pini ya kwanza hadi pini inayotimiza inchi 12, yaani milimita 304.8 ikiwa mpya, na ikifika milimita 306.3 naibadilisha, kwa sababu imerefuka kwa asilimia 0.5 na ikiachwa itaila kaseti, ambayo ndiyo kipuri cha bei zaidi.

Kuhusu gharama, direla, kibadilisha gia, kaseti na cheni, vyote vikiwa vipya na vimeagizwa kupitia mfanyabiashara wa Arusha, vilinigharimu karibu laki sita, na gurudumu na kranki vilikaribia nusu ya hapo. Mwenye bajeti ndogo na atazame M4100 ya gia 10, ambayo kaseti yake ya 11–46 nayo huingia kwenye frihabu ya Hyperglide. Kwa sproketi ya 30 mbele, ikiwa kranki yake inaikubali, atapata gia nyepesi inayokaribia yangu sana, na cheni yake ni nafuu zaidi. Apime kwanza nafasi ya gurudumu la nyuma kwenye fremu yake, na fedha zitakazobaki azitie kwenye spoku nzuri.