CIRA za Hesabu: nilivyosomea makosa ya watu wengine nikaondoa F yangu

Kama una F ya Hesabu ya kidato cha nne na unajiandaa kurisiti, kabla hujatoa hela ya kitabu kingine cha maswali yaliyosolviwa, ingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, ushushe ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Watu wa shule wanaziita CIRA. Ni bure, gharama yako ni bando tu. Nimezitumia sana kwenye Hesabu na kidogo kwenye Fizikia, na hapa naeleza nilivyoziona, uzuri wake na maudhi yake.

Mimi ni fundi umeme wa mtaani, Mbeya. Meni swichi naifunga huku napiga stori, lakini chuo nilichokuwa nakitaka hakiulizi umefunga umeme nyumba ngapi. Kinataka cheti chenye D ya Hesabu, Fizikia na Kemia. Mbili nilikuwa nazo. Hesabu ndiyo ilinikwama kooni, na tulikwama wengi: mwaka 2022, nchi nzima, waliofaulu somo hilo walikuwa kama mmoja katika kila watano. Kujua hivyo kuliniondolea aibu. D hakukunipa.

Sasa, CIRA ni nini hasa. Mtihani ukishasahihishwa, Baraza linatoa ripoti ya kila somo. Wanapita swali kwa swali: swali lilitaka nini, asilimia ngapi walipata alama za chini, za kati na za juu, na walioanguka waliangukia wapi. Halafu wanaweka picha ya majibu yenyewe, mwandiko wa mtahiniwa kama ulivyo, bila jina. Moja ya aliyepatia, nyingine ya aliyekosa, na chini yake maelezo mafupi ya kilichotokea.

Picha ya aliyekosa ndiyo mali. Vitabu vya kusolvu vinakuonyesha njia imenyooka kuanzia mstari wa kwanza hadi jibu, unasoma unatikisa kichwa, "naam, naam", ukifunga kitabu huna kitu. Ile picha ya aliyekosa inakulazimisha utafute. Kwenye umeme, ukiitwa nyumba haina moto huanzi kung'oa waya wote ukutani. Unapima kipande kwa kipande mpaka ufike mahali penye shoti. Ndivyo tulivyozisoma.

Nasema "tulivyo" kwa sababu tulikuwa kikundi: mimi, dada mmoja muuza mitumba wa Mwanjelwa, na kijana wa bodaboda. Tulikuwa tunakutana usiku kwenye baraza la huyo dada, watoto wakishalala. Utaratibu wetu ulikuwa huu: mmoja anafunika maelezo ya ripoti kwa daftari, wengine wanapewa kalamu nyekundu na picha ya jibu lililokosewa. Kazi yako ni kuwa msahihishaji. Onyesha mstari ulioharibu, sema kwa nini umeharibu, kisha solvu mwenyewe. Baada ya hapo ndipo tunafunua tuone Baraza limesemaje.

Usiku mmoja tulikuwa kwenye mada ya logi, yaani logarithimu. Kosa la pale ni lile la kujumlisha namba zilizo ndani, yaani mtu anapewa log 5 + log 20 anaandika log 25, anaendelea mbele kwa raha zake. Dada wa mitumba aliiangalia muda mrefu akasema, "Jamani, huyu si ndiyo mimi!" Akaandika upya pembeni: unazidisha, inakuwa log 100, jibu 2. Tangu siku hiyo, kila akikutana na alama ya kujumlisha katikati ya logi mbili alikuwa anaizungushia duara kwanza, ndipo anaanza kazi. Hiyo duara hakufundishwa na mwalimu yeyote. Aliipata kwa kuangalia mwenzake aliyeanguka.

Kitu cha pili kilichonisaidia ni hesabu ya alama zenyewe. Mtihani wetu ulikuwa na maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali manne ya alama 10. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Maana yake, maswali matano ya sehemu A ukiyamaliza bila kuacha kitu, D imekaa. Nilikuwa nahangaika na kila mada kama mtu anayetafuta A, wakati chuo kinaniomba 30. Ripoti ilinisaidia kuchagua, kwa sababu nyuma kabisa kuna jedwali la mada zote kwa rangi: kijani wamefanya vizuri, njano wastani, nyekundu hali mbaya. La Hesabu linatisha, wekundu umejaa. Lakini hata kwenye wekundu asilimia hazilingani. Nilichukua mada ambazo watu wanaanguka kwa kosa dogo linalojirudia, nikaziacha zile ambazo wengi hawaandiki kitu kabisa. Takwimu na matriki zilinilipa. Paithagorasi nayo nilikuwa naijua muda mrefu bila kujua kwamba naijua, maana kukadiria waya wa kupita darini ndiyo hiyohiyo.

Maudhi sasa. Ripoti za Hesabu na Fizikia ni za Kiingereza, ya somo la Kiswahili ndiyo ya Kiswahili. Kwa mtu aliyemaliza shule zamani hicho ni kigingi. Ushauri wangu: anza kusoma ripoti ya Kiswahili hata kama hurisiti Kiswahili, uone zinavyopangwa, ukija kwenye Hesabu utakuwa unajua kila aya inakupa nini. Pili, zimeandikwa kwa ajili ya walimu. Sehemu ya mapendekezo inamwambia mwalimu atumie zana, afanye mazoezi ya kutosha na wanafunzi, mambo ambayo wewe uliyekaa barazani na tochi ya simu hayakuhusu. Ruka. Tatu, sababu ya kufeli mara nyingi inatajwa kwa sentensi ileile, kwamba watahiniwa hawakuwa na maarifa ya kutosha ya mada. Sawa mzee, hilo tunalijua, ndiyo maana tuko hapa! Aya za namna hiyo zina faida ndogo. Zile zinazotaja kosa kwa jina, kwamba wamechanganya kanuni fulani na fulani, ndizo za kupigia mstari.

Na zisikudanganye kwamba zinafundisha kuanzia sifuri. Hazifundishi. Kijana wa bodaboda alikuwa hodari wa kukamata makosa, tena kutuzidi sisi, lakini sehemu na aljebra za mwanzo zilikuwa zimempita shuleni, kwa hiyo akishajua kosa lilipo hakuwa na cha kuweka badala yake. Matokeo yalipotoka mimi nilikuwa na D, dada wa mitumba C, yeye F tena. Siku mbili tatu hakupokea simu. Kisha akaja na daftari jipya akauliza nani ana kitabu cha Hesabu cha kidato cha kwanza. Amejisajili upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na sasa anasoma kwa mwalimu mstaafu wa jirani, ripoti kaziweka pembeni mpaka afike kidato cha tatu. Kwa mtu kama yeye ningesema hivyohivyo: tafuta mwalimu kwanza, CIRA zifuate.

Upande wa Fizikia sikuzitumia kwa mtihani, nilikuwa napitia tu nisije chuoni mikono mitupu. Ni nzuri kwa maswali ya kueleza, maana unaona jinsi mtu anavyojua jambo halafu anakosa alama kwa kuliandika nusu. Kwenye mahesabu, kwa maoni yangu, ya Hesabu ni bora zaidi.

Kwa anayerisiti mwenye msingi kidogo, nazipa nne kwa tano. Kwa asiye na msingi, mbili. Shusha za miaka mitatu ya karibuni, zaidi ya hapo utarudia makosa yaleyale. Usiprinti faili zima, utamaliza hela stesheneri. Chagua kurasa za maswali unayoyawinda. Na lile jedwali la mwisho libaki kwenye simu au uliprinti kwa rangi. Mimi la kwanza nililitoa kwa wino mweusi, kijani na nyekundu zote zikatoka kijivu.