Modi ya hali ya hewa iliyomuua Neema wangu ndani ya Project Zomboid

Nimekulia Njombe, kwa hiyo ukungu naujua. Naujua ule wa alfajiri ya mwezi wa saba, unamsikia mtu akikohoa njiani kabla hujamwona, na naijua sakitu inayobabua majani ya viazi kwa usiku mmoja. Ndiyo maana niliipenda Project Zomboid kuliko gemu zote za mazombi nilizowahi kucheza. Mazombi wapo kila mahali. Hewa ile haipo kwingine.

Mchezo unaanza tarehe 9 Julai 1993, huko Kentucky, Marekani, na joto lao ni la kweli: vaa koti zito halafu kimbia, utaona kiu na uchovu vinavyokuja. Baadaye miti inapukutika, kisha theluji inafunika mapaa. Mvua ikikukuta nje nguo zinalowa, ukikaa nazo mwili unapoa, unashikwa na mafua, unaanza kupiga chafya, na chafya moja inatosha kuwaita walioko nyuma ya ukuta. Wakikuuma, umekwisha. Huyo mtu wako harudi tena.

Sasa, mimi nilikuwa na Neema, mtu wangu ndani ya mchezo. Muuguzi. Nilimweka kwenye kituo cha zimamoto cha Rosewood, mji mmoja wa mchezo huo, nikamtafutia lile gazeti la kumfundisha kuwasha jenereta, nikampangia mapipa ya kukinga mvua. Alifika Desemba akiwa hai. Wanaoucheza mchezo huu wanajua Desemba ni mbali kiasi gani. Nilikuwa nacheza usiku, umeme ukiwepo, na bando nilikuwa nanunua kwa pesa ya chakula cha mchana.

Kosa langu ni kutaka hewa iwe ya kweli zaidi. Nikaongeza modi moja ya hali ya hewa, yaani nyongeza ya kubadilisha mchezo, iliyotengenezwa na mchezaji mwenzetu. Jina lake silitaji. Siku za mwanzo, jamani, ilikuwa raha tupu. Upepo ulibadilika kabla ya mvua kama unavyobadilika nyumbani, na mvua juu ya bati ilisikika mpaka nikavua spika za masikioni kuhakikisha hainyeshi nje kweli. Laiti ningeandika tathmini wiki ile, ningetoa nyota tano bila kufikiri.

Kisha ikaja apdeti. Modi za Workshop ya Steam, yaani ukurasa wa modi ndani ya duka la gemu la Steam, hujipakua upya zenyewe, kwa hiyo nilifungua mchezo bila kujua lolote. Neema amelala kitandani, ghorofani, madirisha yamefungwa. Mvua inanyesha ndani. Modi ilikuwa haitambui tena paa! Kwake, kila mtu yuko nje. Nguo zikalowa, nikambadilisha, zikalowa tena. Nikamsogeza karibu na moto, akawa analowa huku anaota moto. Kabla sijajua nifanye nini, akapiga chafya. Halafu nyingine. Nikasikia mlango wa chini unagongwa. Miezi yote ile haikuuawa na uzembe wangu wala na njaa. Iliuawa na paa ambalo kompyuta ililisahau.

Hitilafu ningeisamehe. Kitu cha bure kinatengenezwa na mtu mmoja usiku baada ya kazi zake, kinaweza kuharibika. Nikamwandikia mtengenezaji wake kwa adabu kabisa. Nilianza na salamu, nikamshukuru, nikaeleza hatua kwa hatua, nikaambatisha faili la console.txt, ambamo mchezo huandika makosa yake, ili aone kosa lilipotokea. Jibu lake: ni ya bure, unalalamika nini, kajifunze kutunza nakala. Nilipomuuliza tena kama paa litarekebishwa, akafuta ujumbe wangu wote, pamoja na lile faili ambalo lingemsaidia yeye mwenyewe.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na mpaka ninapoandika hazijaisha. Kutoa bure hakumpi mtu ruhusa ya kumdharau aliyekuja na ushahidi mkononi. Ningekuwa nimelipa ningejibiwa hivyo? Nyota moja. Msiiguse.

Ila nisiwe mwongo. Ile sauti ya mvua sijaipata kwenye modi nyingine, na nimejaribu tatu tangu wakati huo. Rafiki yangu mmoja alikuwa na toleo la kabla ya apdeti, akanipa. Nimeliweka kwenye folda ya mods iliyo ndani ya folda ya Zomboid, ambako apdeti haifiki, na folda ya Saves, inayohifadhi mchezo wangu ulipofikia, naikopi kila ninapomaliza kucheza. Kwa hiyo mkinikuta naitumia, ndiyo, naitumia. Kazi yake ni nzuri. Mwenyewe ndiye sitaki kusikia habari zake.

Nyinyi mnaoanza sasa, msihangaike na modi yoyote kwanza. Mipangilio ya mchezo wenyewe inakuruhusu kuongeza baridi na mvua kabla hujaanza, na ukungu wake hauhitaji msaada wa mtu. Nimeanza mtu mpya, yuko Muldraugh, mji mwingine wa mchezo, bado ni Julai kwake. Sijampa jina.