Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya Google Books: lamfaa vipi anayetafuta wazee wake wa Lamu na Malindi?

Mtu wa Lamu au Malindi anayefuatilia nasaba yake hana gazeti la kale litakalomfaa kuliko Gazeti Rasmi la Serikali, lile Kenya Gazette. Lilianza kutoka 1899, na Google wamelipiga picha ukurasa kwa ukurasa wakaliweka kwenye maktaba yao ya mtandaoni, Google Books. Kulisoma ni bure, na hupandi basi kwenda Nairobi. Ila ukiandika "Lamu" peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia, utapata rundo la matokeo na hutajua pa kuanzia.

Usitarajie humo habari za kusisimua. Ni matangazo matupu: kuteuliwa kwa maliwali, mamudiri walio chini yao na makadhi, leseni, minada, mirathi, ardhi. Kwa mtafutaji wa nasaba ukavu huo ndio uzuri wake. Magazeti ya habari ya wakati ule yaliandikwa na wageni kwa ajili ya wageni, na mwenyeji alitajwa akiwa ameshtakiwa au ameuawa. Gazeti Rasmi lilimtaja mtu kwa kuwa ana mali au wadhifa, kwa jina lake na la babake. Hata mwanamke aliyeacha nyumba au shamba hutajwa humo, "fulani binti fulani", na hiyo huenda ikawa mara pekee jina lake kupigwa chapa. Miaka ya kutazamwa kwa makini ni ile inayofuata 1908, ilipopitishwa Sheria ya Hati za Ardhi iliyowataka wenye kudai ardhi pwani wathibitishe madai yao.

Njia ya kuingilia ni hii. Fungua toleo lolote la Kenya Gazette ndani ya Google Books, kisha ubonyeze kiungo cha kutazama matoleo yote. Miaka itajipanga kwa makumi. Ukishajua mwaka, fungua toleo moja moja utafute ndani yake. Utafutaji wa jumla unaruka mengi, kwa sababu unategemea programu ya kusoma herufi, na programu hiyo hukosea palepale wino ulipofifia.

Makosa yake yana mtindo, na ukiyajua utayageuza kuwa ufunguo. Herufi m huvunjika ikawa r na n, kwa hiyo Lamu huwa "Larnu". Herufi u husomwa n, ukapata "Lamn". Ile h ya Kadhi hupasuka ikawa l na i: "Kadlii". Neno "bin" huwa "bm" au "hin". Basi usitie jina zima la baba na mwana ndani ya alama za kunukuu. Herufi moja ikikosewa, yote yanapotea. Tafuta jina moja lisilo la kawaida, lile la babu au la ukoo, kisha usome ukurasa kwa macho yako.

Juu ya makosa ya mashine kuna tahajia za makarani. Muhammad ameandikwa Mohamed, Mahomed na Mahommed. Athmani ni Athman, Othman au Osman. Siyu ni Siu, Pate ni Patta, na maandishi ya kabla ya 1900 yana "Lamoo" na "Melinda". Huyu Melinda ni msumbufu, maana ni jina la wanawake wa Kizungu. Mfunge na neno "Africa" au "Zanzibar". Andika tahajia zote kwenye karatasi kabla hujawasha simu, upige mstari kila moja ukimaliza.

Jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linaokoa siku nzima: mwanzoni mwa utawala wa Waingereza Lamu haikuwa chini ya Mombasa. Ilikuwa makao makuu ya jimbo la Tanaland, na Malindi ilikuwa ndani ya jimbo la Seyidie. Maneno hayo mawili ni marefu, si ya kawaida, na mashine huyasoma vizuri kuliko "Lamu". Anza nayo.

Jihadhari pia na majina ya mahali yanayofanana. Shela ipo Lamu na ipo Malindi. Malindi nayo ni mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja, na tangazo la nyumba "at Malindi" laweza kuwa la kule. Usimwingize mtu kwenye shajara ya ukoo kwa jina la baba na mwana tu. Koo zetu hurudia majina kila kizazi, na wawili wenye majina yaleyale mtaa mmoja ni jambo la kila siku. Tafuta jambo la pili la kumfunga: namba ya kiwanja, kazi yake, au mtaa wake, kama vile Mkomani dhidi ya Langoni kwa mtu wa Lamu mjini.

Tarehe za nyumbani nyingi ni za Hijria, kwenye makaburi na kwenye kurasa za mwanzo za misahafu. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ujumlishe 622. Mwaka 1330 hukupa 1912, na kweli karibu wote umo ndani ya 1912. Usitafute mwaka huo mmoja tu. Mirathi huchelewa, hasa warithi wakiwa wametawanyika Unguja, Mombasa na ng'ambo, kwa hiyo songa mbele angalau miaka mitano. Kiasi cha fedha ukikiona ni rupia hadi 1920, florini kwa muda mfupi, kisha shilingi.

Kasoro kubwa ya Google Books ni bando. Kurasa ni picha, na kupekua mwaka mzima kwa simu hula data haraka. Tovuti ya gazettes.africa hukuruhusu kupakua toleo zima kwa PDF, ukalisoma baadaye bila mtandao. Kwa kazi ya siku nyingi hiyo ni bora. Kwa kutafuta neno, Google.

Magazeti ya kale ya Uingereza yaliyomo kwenye tovuti ya British Newspaper Archive ni ya kulipia, na kwa nasaba ya mwenyeji hayafai kitu. Yanafaa kwa tukio. Kwa vita vya Witu, bara karibu na Lamu, vya 1890, alipouawa Mjerumani Küntzel na wenzake, kisha Admirali Fremantle akauchoma mji huo wa Sultani Fumo Bakari, humo mna taarifa tele. Tafuta "Vitu", ndivyo Waingereza walivyoandika. Kutafuta ni bure na vipande vya matokeo huonekana kabla ya kulipa. Hesabu kwanza vilivyo na maana, ulipe mwezi mmoja, uzime malipo ya kujirudia siku hiyohiyo. Kabla ya hapo pita tovuti za magazeti ya kale, Trove ya Australia na Papers Past ya New Zealand, zote bure. Simu ya waya iliyopita chini ya bahari kutoka Unguja hadi Aden tangu 1879 ilipeleka habari zetu mbali, na magazeti ya huko yalizichapa zilezile za London. Trove ina jambo moja la kupendeza: msomaji anaweza kusahihisha herufi zilizosomwa vibaya. Ukikuta "Larnu", irekebishe, na mwenzako atakayekuja nyuma ataiona.

Ukipata unachotafuta, piga picha ya ukurasa mzima pamoja na kichwa chake, si aya tu. Andika juzuu, namba ya toleo, tarehe, ukurasa na namba ya tangazo. Namba za matangazo huanza upya kila mwaka, hivyo bila tarehe hazina maana. Na usiende mahakamani na picha hiyo ukidhani ni hati. Tangazo linakuonyesha jalada gani la kuulizia kwenye ofisi ya ardhi au mahakama, na nakala iliyothibitishwa hutoka huko.

Wenye mashamba yasiyogawanywa wasiishie kwenye miaka ya kale. Gazeti hili bado linatoka kila Ijumaa, na maombi ya mirathi yaliyomo huwapa wenye pingamizi siku 30. Jina la marehemu wenu litafuteni humo pia.