Vitafunwa vya tende bila kuoka: miezi miwili na kimashine changu cha kusagia

Nilikinunua kwa sababu moja: nilichoka kumfungia mwanangu biskuti za shule kila asubuhi. Ni kile chenye bakuli pana na visu chini, si blenda ya jagi. Nasema hivyo mapema maana nilianza na blenda, ikanitesa. Tende ziliganda kwenye visu, za juu zikabaki nzima, nami nikawa nazima na kuchokoa kwa mwiko mpaka mota ikaanza kunuka. Jagi jembamba linataka majimaji ndipo lizungushe vizuri, na majimaji ndiyo yanayoharibu kitu unachotaka kukifinyanga.

Kwenye bakuli pana kazi ni nyepesi. Nasaga kwanza kikombe cha oti na mbegu za maboga mpaka ziwe chengachenga, kisha natia gramu 200 za tende zisizo na kokwe, zabibu kavu kiganja kimoja na chumvi chembe tu (usiiache, bila chumvi utamu unachosha). Nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia. Chenga zikijikusanya kuwa donge, basi, zima.

Awamu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliroweka tende saa nzima, sikuzichuja vizuri, nikapata uji. Siku hizi tende laini siziroweki kabisa. Zilizokauka sana nazitia maji ya moto dakika 10, nachuja, nazifuta kwa kitambaa. Maembe makavu nayakata kwa mkasi kwanza, la sivyo yanajisokota kwenye visu.

Karanga haziruhusiwi shuleni kwa mwanangu, ndiyo maana natumia mbegu. Na kuviringisha vitufe nimeacha: natandaza donge kwenye trei, naliweka kwenye friji kama saa moja, nakata vipande vyembamba. Mtoto mdogo anaweza kukabwa na kitufe kinachonata. Kwenye friji vinakaa wiki nzima bila shida; vya ziada nagandisha.

Kilichoniudhi ni boksi la kimashine lenyewe, limeandikwa "vitafunwa bila sukari" juu ya picha ya tende! Tunda likikaushwa maji ndiyo yanayotoka, sukari inabaki palepale, tena inanata kwenye meno. Kwa hiyo ni vipande viwili tu, pamoja na chupa ya maji.

Kuosha si raha. Unga wa tende unajificha chini ya visu, na usipoloweka bakuli papo hapo unakauka kama gundi. Mota nayo inapata joto haraka, kwa hiyo nasaga kidogo kidogo.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kelele: mtoto akilala siwezi kukiwasha, na akiwa macho, robo ya donge inaishia mdomoni mwake kabla sijalitandaza.