Saa ya mchanga ya dakika 3: nyota nne, ya tano nimeinyima

Sikuinunua iwe pambo. Mimi ni katibu wa kikundi cha majirani 22, na kwa muda mrefu kumbukumbu zangu za kikao zilikuwa hotuba za watu watatu tu. Waliobaki husaini mahudhurio, huitikia "naunga mkono", huondoka. Mwenyekiti wetu naye mpole. Kumwambia aliyemzidi umri "mzee wangu, fupisha" ulimi wake haufiki.

Kabla yake tulitumia kengele ya simu. Ikilia katikati ya neno, watu wanacheka, msemaji anaona amefukuzwa. Mchanga haupigi kelele. Unaisha mbele ya macho yake mwenyewe, na hakuna wa kumnunia. Mmoja wa wale watatu, bingwa wa kuturudisha tulikotoka, alizitazama chembe za mwisho zikishuka, akasema "basi, nimemaliza", akaketi. Nilisahau kuandika.

Sasa kasoro. Nilipoipima kwa simu ilitoa dakika 3 na sekunde 20. Hiyo ndogo. Kubwa ni hii: mtu akiongea dakika moja akanyamaza, anayefuata akiipindua anapata dakika moja tu, maana ndio mchanga uliokwisha shuka. Kikao cha kwanza dada mmoja, mtu wa maneno machache, aliporwa dakika mbili hivyo hivyo, na tuligundua tukiwa tunafunga. Kikaratasi cha maelezo hakisemi lolote. Ununue mbili, au usubiri mchanga uishe wote.

Sisi tulisubiri, kwa ubahili tu. Kimya kile mwanzoni kiliwasha. Watu walikohoa, wakatazama dari. Lakini ndimo mikono ambayo sijawahi kuiona ikaanza kuinuka, na aliyekuwa tayari kumrukia mwenzake akapoa kabla zamu yake haijafika.

Isikudanganye, mtu anaweza kumkejeli mwenzake kwa dakika 3 kamili. Masharti tuliyaandika wenyewe ubaoni: jibu hoja, mwache mtu, hakuna kudakia, hakuna kuongea mara ya pili kabla kila anayetaka hajaongea ya kwanza. Hilo la mwisho limo katika kanuni za mikutano za Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, zilizochapishwa 1876. Ila yeye alimruhusu msemaji dakika 10. Kumi! Kwa watatu wetu wale tungelala ukumbini.

Pigeni hesabu kabla ya kununua: watu 22 kwa dakika 3 ni saa moja na dakika 6, bila vile vimya. Kioo ni chembamba. Yetu ilianguka ikaokolewa na zulia. Na kama mkikaa kwa mistari, chukueni kubwa zaidi. Wa nyuma wanauliza kila mara, "Umeisha?", na huko nako ni kudakia.